Mtani Aliyenyamaza

Mume wangu Alimasi alikuwa mpika sabuni, na katika maisha yangu sijaona mtu mchafu kumshinda. Alichemsha mawese na majivu ya maganda ya ndizi katika chungu kikubwa nyuma ya nyumba yetu ya Rumonge, na moshi wa chungu kile ulimkaa ndevuni hata siku ya Idi. Watu walichukua sabuni yake kwa sababu kati ya Magara na msitu wa Kigwena hapakuwa na nyingine. Ilikuwa laini na nyekundu, na kanzu nyeupe iliyofuliwa nayo ilitoka safi kabisa, ila haikuwa nyeupe tena. Mwenye kanzu akija kulalamika, Alimasi alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akaisifia rangi mpya.

Kabla ya sabuni alikuwa mpagazi. Alikuwa Mnyamwezi, mzaliwa wa Unyanyembe, na alikwenda pwani na kurudi mara nne akiwa na pembe za ndovu begani. Safari ya tano aliutua mzigo Ujiji, akapanda mtumbwi wa watu asiowajua, akashuka kwetu. Nilimuuliza sababu kwa miaka ishirini na miwili, na kila mara alinipa sababu nyingine. Alinioa nikiwa mjane mwenye ulimi mrefu, nami nikamkubali kwa sababu alicheka kabla sijamaliza kumtukana. Watoto hatukujaliwa. Nalisema mapema ili mtu asiniulize.

Jirani yetu alikuwa Mwamini, mama wa Biasha na Nasoro. Alikuwa Mmanyema, na hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni porojo. Wanyamwezi na Wamanyema walikuwa watani tangu siku za misafara. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kuondoka na kuku wako, na kukuuliza hadharani kama pua hiyo ulipewa au uliokota. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Basi kila asubuhi Mwamini alitoka na ufagio, Alimasi akatoka na mwiko wake wa sabuni, wakasimama kila mmoja upande wake wa ua wa matete.

"Amahoro, punda wa Waarabu!" Mwamini aliita. "Umeamuka, ao unangoja bakubebeshe muzigo kwanza?"

"Nimeamka mapema nihesabu miguu yangu," Alimasi alijibu. "Usiku kucha nimelala jirani na Mmanyema mwenye njaa."

Mwamini alicheka hata akashikilia matete asianguke. Mimi nilikuwa ndani nachochea moto, nikicheka kwa siri, maana mke akicheka wazi utani wa mumewe, mume hataambilika tena siku ile.

Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Swedi, mume wa Mwamini, alikufa kwa homa mwaka mmoja kabla ya mambo haya ninayosimulia. Siku tatu za matanga Mwamini alikaa mkekani, macho makavu, hasemi, hali. Wanawake walimbembeleza wakachoka. Siku ya tatu Alimasi akaingia uani amevaa kofia ya marehemu. Akaenda kwenye mwimo wa mlango, akajikuna mgongo pale pale Swedi alipozoea kujikuna, akakohoa kikohozi chake, akaanza kubishana na mvuvi asiyeonekana juu ya samaki mdogo. Uani watu walianguka kwa kicheko. Mwamini alicheka, akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akalia hadi jioni. Usiku ule akala. Biasha alikuwa na miaka saba, amekaa karibu na mama yake, anatazama kila kitu.

Mafuriko yalikuja saa nane ya mchana, jua likiwaka. Hilo ndilo lililotudanganya. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri, na sisi huku chini hatukupata hata tone. Mto Dama ulishuka na mawe, na miti mizima, na paa la nyumba ya watu tusiowajua. Nyumba ya Mwamini ndiyo iliyokuwa karibu na mto kuliko zote. Aliwanyakua watoto wake, akawapandisha juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, kikubwa kupita kimo cha mtu, akawaambia wakae. Kisha akarudi kumfungua mbuzi.

Mbuzi alikuja kesho yake asubuhi, kamba shingoni, anatafuna majani. Mwamini hakuja. Nilimchukia mbuzi yule kwa moyo wangu wote, na nasema bila haya. Alimasi alinificha kisu siku mbili.

Nyumba kumi na moja zilikwenda, na watu sita. Watano tuliwapata, tukawaosha, tukawazika. Mwamini tulimtafuta ufukweni kutoka Rumonge hadi Kigwena, na ziwa halikumtoa.

Watoto tuliwakuta jioni ile ile juu ya kichuguu, maji yameshapungua, wameshikana mikono. Alimasi alipanda kuwachukua. Biasha akamng'ata mkono.

"Mama amesema tusishuke," alisema, "mupaka akuje yeye mwenyewe kutushusha."

Walishushwa kwa nguvu, mmoja bega hili, mmoja bega lile, wakaja kulala kwangu. Alfajiri nilikuta mkeka mtupu. Walikuwa wamerudi kichuguuni.

Sasa nieleze tulivyokosea, na tulikosea kwa pamoja, mji mzima. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, Abdulhamid, aliyesoma Bagamoyo, au aliyepita Bagamoyo, jambo hilo halijathibitishwa, alisema mtu asiyeonekana si maiti, tungoje. Mvuvi Aruna akasema amesikia huko Magara kwamba mwanamke fulani aliokolewa ng'ambo, upande wa Ubwari. Aruna husikia mambo mengi. Lakini tulitaka kuamini, kwa hiyo hapakuwa na matanga, wala dua, wala mkeka wa msiba. Na watoto walipouliza, waliambiwa mama amevuka ng'ambo. Mtu wa kwanza kuwaambia hivyo ni mimi. Hili nalisema kwa haya.

Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa na waongo wengi wasiopatana. Mimi nilisema ng'ambo tu. Mwalimu akaona ng'ambo haitoshi, akawaambia yuko Ujiji kwa mganga. Aruna akasema Ubwari. Jirani yetu Mwanvua, mtu wa huruma asiyeweza kukaa kimya, akasema yuko Uvira kwa shangazi. Biasha alikusanya yote, akaja kunikabili jikoni.

"Mama mukubwa, mama iko Ujiji ao iko Uvira?"

"Anapita kote kote," nikasema.

"Kwa miguu?"

"Kwa mtumbwi."

"Mama anaogopa mutumbwi."

Nikamtuma maji. Mtungi ulikuwa umejaa, na alijua umejaa, lakini alikuwa mtoto mwenye adabu, akaenda.

Kila mtu alijaribu dawa yake. Mwalimu aliwasomea, akawapulizia, Nasoro akapata mafua. Mwanvua alileta asali. Mimi nilipika, maana mwanamke asiyejua la kusema hupika. Nilipika ugali wa muhogo, ndagala wa mawese, samaki wa mikeke wa kuchoma, nikaona sahani zinarudi tupu, nikajisifu. Baada ya siku tisa nyumba ikaanza kunuka. Nililaumu chungu cha sabuni, nikalaumu ndevu za mume wangu, kisha nikainua mkeka wa watoto. Chini yake kulikuwa na vifurushi vya majani ya mgomba, vimefungwa vizuri, na ndani ya kila kimoja nusu ya chakula cha siku moja. Walikuwa wanamwekea mama.

Kisha akashuka mama mmoja wa Kirundi kutoka mlimani, aliyezoea kumletea Mwamini siagi. Alipowaona watoto akawashika vichwa, akasema, "Mwihangane," akitoa machozi. Hilo ndilo neno lao la pole kwa mfiwa. Nasoro, ambaye alikuwa na miaka mitano, akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni salamu ya asubuhi. Siku ya soko Nasoro akasimama njiani akamsalimia kila Mrundi aliyeshuka na mzigo: "Mwihangane! Mwihangane!" Wazee wazima walitua vikapu, wakauliza kwa hofu nani amekufa kwao. Wawili walirudi mlimani kuhakikisha. Biasha alikuwa kando, hakusema kitu. Baadaye nilitambua kwamba neno lile alikuwa analijua.

Na Alimasi? Alimasi alinyamaza. Watu walimsifu. Walisema, tazama Mnyamwezi yule, kumbe ana heshima, ameweka utani pembeni kwa ajili ya yatima. Mimi nililala naye nyumba moja na nilijua si heshima. Asubuhi alitoka na mwiko wake, akautazama ule ua wa matete ambao nusu yake ilikuwa imelala matopeni, akarudi kwenye chungu. Alikoroga toka asubuhi hadi adhuhuri bila kuinua kichwa. Kwa sababu hiyo sabuni ikaanza kutoka ngumu, nzuri, nyeupe. Watu wakaja kushukuru. Mimi nikaogopa.

Wiki saba zikapita hivyo. Kila asubuhi watoto kichuguuni, kila jioni tunawabeba kuwarudisha. Tulijaribu kuwafungia, Biasha akatoboa ukuta wa udongo kwa kijiko. Kisha mvua kubwa za mwaka zikakaribia. Milima ikaanza kufunga weusi kila alasiri, na kichuguu kile kilikuwa kimebaki peke yake kwenye mchanga wa mto, kimeliwa upande mmoja na mafuriko yale ya kwanza. Mto ukija tena, hakitasimama. Kila mtu Rumonge alilijua hilo, na kila mtu alisema jambo lifanyike, kisha akaenda kwake.

Siku hizo Wadachi, yaani Wajerumani, wa boma la Usumbura walikuwa wameamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na askari mmoja, Hamissi, aliletwa kutusimamia. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na miguu myembamba. Alipowaona watoto alikwenda mbele ya kichuguu, akakakamaa, akawapigia amri ya kijeshi washuke mara moja. Nasoro akasimama, akampigia saluti nzuri kabisa, akakaa tena.

"Hawa ni wa nani?" Hamissi akaniuliza.

"Ni wangu," nikasema. Sikuwa nimewahi kulisema. Lilinitoka tu, na likaniuma kwa sababu halikuwa kweli bado. Wangu wangekuwa wangu vipi, na wao wanangoja mwingine?

Siku ile nikafunga nguo yangu vizuri, nikapanda kichuguu. Nilikuwa mwanamke mnene. Nilipanda kwa magoti, mchwa wakanipokea, na Nasoro akanivuta kwa kilemba. Nikaketi kati yao nikitweta. Mto ulikuwa hapo chini, mwembamba, unapita kati ya mawe yake kimya kabisa.

"Biasha," nikasema, "leo sikuambii kitu. Leo niambie wewe. Kwa nini unajua mama atakuja?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea haya mkubwa asiyejua jambo dogo.

"Siku baba alikufa," alisema, "Baba Alimasi alivaa kofia yake. Alijikuna kama yeye, alikohoa kama yeye. Batu bote bakacheka, na mama akalia. Sasa mama, mutu hata moja hajamucheka. Kama angekuwa amekufa, Baba Alimasi angekuwa amekuja. Ile ni kazi yake."

Nilikaa pale na mchwa wangu. Mtoto alikuwa amepima msiba kwa kipimo chetu wenyewe. Sisi wakubwa tulimwambia Ujiji na Uvira, hakuamini hata moja. Alichoamini ni mtani, na mtani alikuwa nyumbani anapika sabuni nyeupe.

Nilishuka kwa makalio, na nikaenda nyumbani mbio kadiri mwili wangu ulivyoruhusu. Wingu lilikuwa limeshafunika kilele cha kwanza. Mto ulifurika siku ya tatu baada ya hapo, lakini hilo hatukulijua. Kwetu sisi kila wingu lilikuwa la leo.

"Alimasi!" nikamwita. "Ni wewe unayewakalisha wale watoto pale!"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa anakoroga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mwiko ulivyozidi kwenda polepole, mpaka ukasimama.

"Siwezi," akasema.

"Uliweza kwa Swedi."

"Swedi alikuwa mtu wangu wa kusalimiana. Huyu tumetukanana miaka kumi, Zuwena. Nikiamka asubuhi bado nina tusi lake mdomoni, na sina wa kumpa." Akajifuta uso kwa mkono wenye majivu, akawa na mistari. "Nikimvaa leo, basi amekufa kweli."

"Amekufa kweli, mume wangu."

"Najua."

"Basi kazi ni ya nani? Yangu? Mimi si mtani wake. Nikisema mimi, nitalia kabla sijafika katikati. Wewe umepewa ruhusa ya kusema lolote mbele ya maiti, babu zako wamepewa, na umeikalia kama kuku. Mwanamume mwenye ndevu hizo! Anayekuongoza sasa ni mtoto wa miaka minane, na yeye anakungoja kule na wingu kichwani."

Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Alisikiliza yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na kaniki ya Mwamini, ile moja tuliyoiokota kwenye matete baada ya mafuriko, ambayo nilikuwa nimeifua kwa sabuni ya Alimasi mwenyewe. Akajifunga.

Kaniki ilimzunguka nusu tu. Mbele ilifika, nyuma ilibaki habari nyingine. Akachukua mtungi, akaweka kichwani, ukaanguka njiani kabla ya nyumba ya Mwanvua, akauacha. Alitembea katikati ya Rumonge hivyo, ndevu nje, kiuno kinakwenda huku na huku, na nyuma yake mimi, na nyuma yangu kila aliyekuwa hana kazi, yaani mji wote.

Alisimama chini ya kichuguu, akatia sauti ya juu. "We Biasha! We Nasoro! Nani amemwaga unga wangu?"

Watoto wakatazama chini. Kisha Nasoro akapasuka kicheko. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kile cha watoto wadogo kinachowaangusha, na sikuwa nimekisikia kwa wiki saba.

Biasha hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama fundi anayeonyeshwa kazi mbaya.

"Si vile," alisema. "Mama anasonya kwanza."

Alimasi akasonya.

"Mara tatu."

Akasonya mara tatu.

"Mukono kwa kiuno. Wa kushoto! Ule ni wa kuume."

"Ndio huu?"

"Ndiyo. Na mama hana kitambi."

"Kitambi nakipeleka wapi, mama?"

"Kivute ndani."

Akakivuta. Kaniki ikalegea, akaidaka kwa mkono wa kushoto, Biasha akamwambia mkono wa kushoto ni wa kiuno. Watu nyuma yetu walikuwa wanashikana mabega. Wengine walijaribu kuzuia kicheko kwa heshima ya msiba ambao hatukuwahi kuukubali, wakashindwa. Hapo akafika Hamissi na wafyekaji wake, mapanga mkononi. Akamtazama mume wangu kutoka ndevu hadi miguu, akageuka kwangu.

"Huyu ni nani?"

"Marehemu Mwamini," nikajibu.

Neno lilitoka kabla sijalishika. Marehemu. Nilimwona Biasha amelisikia, macho yake yakanigeukia, yakakaa. Hamissi akamtazama tena marehemu mwenye ndevu, akavua kofia yake. "Poleni," akasema, na alisema kwa dhati.

Biasha akamgeukia Alimasi. "Panda hapa."

Alipanda. Kaniki ilipasuka, bonge la udongo likabomoka chini ya mguu wake, Nasoro akamvuta kwa ndevu, na mwishowe akafika juu akaketi.

"Sasa sema ile ya mwisho," Biasha alimwambia.

"Ipi?"

"Ile mama alisema akienda kufungua mbuzi."

"Siijui, mwanangu. Sikuwapo. Nionyeshe wewe."

Biasha akasimama. Akaweka mkono wa kushoto kiunoni, akasonya mara tatu, akainamisha kichwa kidogo, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtoto. "Kaeni hapa. Biasha, mushike mudogo wako. Musishuke mupaka nikuje mimi mwenyewe nibashushe."

Alikuwa Mwamini mtupu. Hakuna aliyecheka sasa. Biasha alibaki amesimama hivyo, mkono kiunoni, kama mtu aliyesahau kinachofuata, kumbe hakuna kilichofuata.

Alimasi akaiacha ile sauti ya juu. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya mchana.

"Biasha, mama yako hakuja kwa sababu amekufa. Maji yalimchukua siku ile ile, alipokwenda kwa mbuzi. Hayuko Ujiji. Hayuko Uvira. Sisi wakubwa tulikudanganya, na kazi ya kukuambia ilikuwa yangu, mimi mtani wake, nikaogopa. Sasa nimekuja."

Mtoto alifikiri. "Nani atatushusha?"

"Hakuna. Alitaka kuja, naapa alitaka. Mtashuka wenyewe."

Biasha akafungua kinywa na kilio kikatoka. Kilikuwa kilio cha wiki saba, hakikuwa na maneno ndani yake. Nasoro akalia kwa sababu dada yake analia, kisha akaelewa, akalia kwa ajili yake mwenyewe. Waliteremka wakiserereka kwenye udongo, wakaangukia mikononi mwangu, nami nikaketi mchangani nao, nikalia pia, kwa sauti, mbele ya Mwalimu na ya askari wa Wadachi. Wanawake wakaja wakaketi kutuzunguka. Hivyo ndivyo matanga ya Mwamini yalivyoanza, bila mkeka, mtoni, saa kumi ya jioni.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Matone ya kwanza yalipoanguka Hamissi akatuambia tuondoke, na safari hii hakupiga amri. Nikawainua watoto. Ndipo nikaona kwamba Alimasi bado yuko juu ya kichuguu.

"Alimasi, shuka, mvua," nikaita.

Hakushuka. Alifumbua mdomo, nikadhani anatafuta neno la kuchekesha la kutumalizia siku, maana mtani humaliza kwa kichekesho. Hakulipata. Akajifunika uso kwa pindo la kaniki ya Mwamini, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamwita mara ya pili, nikamwita mara ya tatu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na watoto.

Biasha akauachia mkono wangu. Akajifuta pua, akapanda kichuguu kwa magoti na viganja, kwa njia aliyoijua kuliko sote, akasimama mbele ya yule mwanamume mkubwa mwenye kaniki iliyochanika.

"Baba Alimasi, tushuke," akamwambia. "Mama hakuji."

Akamshika mkono, naye akashuka.